Madhabahu ya Nyumbani: Ibada Katika Maisha ya Kila Siku ya Wakristo wa Kilimanjaro Tangu 1893

Utangulizi

Msomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu atakuta humu majina ya wachungaji na wainjilisti waliotuhudumia, historia ya majengo yetu, na picha za siku ambazo mawe ya msingi yaliwekwa. Yote hayo yanastahili kuhifadhiwa, kwa kuwa kizazi kisichojua kilikotoka ni vigumu kujua kiendako. Lakini iko historia nyingine ambayo haikuandikwa katika daftari la ubatizo wala katika kumbukumbu za Baraza la Wazee. Ni historia ya ibada iliyofanyika nje ya kuta za kanisa: kando ya mafiga, chini ya migomba, kwenye mfereji wa maji, penye kitanda cha mgonjwa, na juu ya kaburi lililochimbwa kihambani.

Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, anafundisha kwamba sadaka anayoitaka Mungu ni mtu mwenyewe, pamoja na mwili wake na shughuli zake zote. Kwa mafundisho hayo, ibada ya Jumapili haimalizi wajibu wa Mkristo. Inamtia nguvu kwa ibada ya siku sita zinazofuata.

Makala hii inaifuata historia hiyo katika mlima wetu wa Kilimanjaro. Hoja yake ni moja. Mara mbili katika karne ya 20 Kanisa la mlimani lilipokonywa wamisionari wake kwa sababu ya vita, na mara zote mbili halikufa. Halikufa kwa kuwa ibada ilikuwa imekwisha kupata makao katika nyumba za watu. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama Kanisa hili litaiona karne nyingine asitazame mnara na paa peke yake. Na aingie nyumbani mwetu jioni, asikilize kama pana sauti ya sala.

Mlima uliokuwa ukisali

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakafungua kituo cha Mamba mwaka 1894 na cha Old Moshi mwaka 1896. Hawakukuta watu wasiojua kusali. Wachaga walimjua Ruwa, jina ambalo pia ni jina la jua, na wazee walikuwa na desturi ya kumsalimu asubuhi kwa kutema mate kuelekea jua, mate yakiwa kwao alama ya baraka wala si ya dharau. Walikuwa na matambiko kwa ajili ya wahenga waliozikwa kihambani. Kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa, kulima na kuzika, kila jambo lilikuwa na neno lake na tendo lake la heshima. Hapakuwa na siku moja ya dini na siku sita za kazi.

Tukilikumbuka hilo, tunaelewa uzito wa uamuzi wa wabatizwa wa kwanza. Kwao kubatizwa hakukuwa kupata mahali papya pa kwenda siku ya Jumapili. Kulikuwa kukubali pengo katika kila saa ya siku. Aliyekataa kushiriki tambiko la ukoo alionekana ameukataa ukoo wenyewe, na nyumba yake ilipopatwa na ugonjwa au msiba, hakukosa kuulizwa ni nani sasa atakayemlinda. Mtu wa namna hiyo asingeweza kuishi kwa mahubiri ya saa moja kwa juma. Alihitaji neno la kusema jua linapochomoza, neno la kusema kabla ya chakula, na neno la kusema mtoto anapozidiwa usiku.

Wamisionari walijifunza lugha za mlimani, wakatafsiri Maandiko na nyimbo kwa Kimachame, Kimochi na Kivunjo. Wakristo waliendelea kumwita Mungu kwa jina la Ruwa, jina ambalo bibi zao walikuwa wamelitaja kabla yao. Kiswahili kilipokuja kushika nafasi kubwa kanisani, sala ya nyumbani katika familia nyingi iliendelea kuwa ya Kichaga, kwa kuwa mtu akilia mbele za Mungu hulia kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo.

Katekisimo iliyotundikwa ukutani

Urithi waliotuletea wamisionari ulikuwa na kitabu kidogo kilichofaa sana kwa hitaji hilo. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia, akahuzunishwa na kuona jinsi Wakristo wengi, pamoja na baadhi ya wachungaji wao, walivyokuwa hawajui hata misingi ya imani. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimo Ndogo. Mwanzoni sehemu zake zilichapwa katika karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, ili watu wa nyumba wazione kila siku. Vichwa vya sehemu hizo vinaeleza kuwa ni mafundisho ambayo mkuu wa nyumba anapaswa kuwafundisha watu wake kwa njia nyepesi. Ndani yake mna sala ya asubuhi na ya jioni, sala za mezani, na mafungu ya Maandiko yanayoeleza wajibu wa kila mtu mahali pake: mzazi, mtoto, mtumishi, bwana, mjane.

Luther anashauri pia kwamba mtu akimaliza sala ya asubuhi aende kazini kwa furaha, akiimba. Shauri hilo ni dogo kwa maneno, lakini lina uzito mkubwa. Kwake kazi ilikuwa wito wa Mungu kama ilivyo kazi ya madhabahuni. Katika maandishi yake ya mwaka 1522 kuhusu ndoa anamtaja baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka, na kusema kwamba Mungu na malaika wanamfurahia, maadamu anafanya kwa imani.

Mlimani kitabu hicho kiliingia nyumbani kupitia vichwa vya watu kabla ya kuingia kwa karatasi. Vitabu vilikuwa vichache, na wasomaji walikuwa wachache zaidi. Wanafunzi wa ubatizo na baadaye wa kipaimara walifundishwa kukariri, na walichokariri darasani walikirudia nyumbani. Mara nyingi mtoto aliyekuwa akienda shule ya misheni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisoma Biblia kwa sauti mbele ya wazazi na babu zake. Kwa njia hiyo utaratibu wa mafundisho uligeuka: mdogo akawa msomaji, mkubwa akawa msikilizaji, na wote wakawa wanafunzi.

Tukubali pia kwamba, ingawa Katekisimo inamtaja mkuu wa nyumba, kazi kubwa ya kuwafundisha watoto kusali ilifanywa na mama. Ndiye aliyekuwa karibu na mafiga jioni. Ndiye aliyeamka alfajiri, akateremka uwandani kutafuta majani ya ng'ombe, akapanda mlima na mzigo kichwani, na ndiye aliyewafundisha watoto kufumba macho kabla ya kugusa sahani. Majina ya akina mama hao si mengi katika kumbukumbu za Kanisa. Hata hivyo, walimu na wachungaji wengi tunaowakumbuka walijifunza sala yao ya kwanza kwa mama au kwa bibi.

Ukoo, jirani na rika

Miongoni mwa wamisionari waliofikiri kwa kina juu ya uhusiano wa imani na maisha ya kila siku alikuwa Bruno Gutmann. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876, akafika Afrika Mashariki mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1910 akawa Old Moshi, mahali ambapo jina lake limefungamana napo hadi leo. Aliwasikiliza wazee kwa miaka mingi na kuandika habari za sheria, desturi na mafundisho ya jando ya Wachaga katika vitabu vinene ambavyo wataalamu wanavitumia hata sasa.

Gutmann aliona kwamba Mungu amemwumba mtu ndani ya vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Kwa maoni yake Injili haikuja kuvikata vifungo hivyo bali kuvitakasa. Kwa sababu hiyo hakuridhika na usharika uliokuwa mkusanyiko wa watu mmoja mmoja wanaokutana Jumapili na kutawanyika. Alitaka wanaotumia mfereji mmoja na njia moja wawajibike pia kiroho mmoja kwa mwenzake, chini ya wazee wao. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya watu wa rika moja, kwa mfano wa wenza wa ngao wa zamani, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake katika imani hata baada ya masomo kwisha.

Si kila alilofikiri lilikuwa sahihi. Wakosoaji wake wameonyesha kwamba alizipenda mno desturi za zamani kana kwamba zisingebadilika, na kwamba aliitazama elimu ya kisasa, fedha na maisha ya mjini kwa hofu kubwa. Wachaga wenyewe hawakukubaliana naye katika hayo. Walitaka shule, walitaka kahawa, walitaka kusimamia mambo yao. Hata hivyo, jambo moja katika mafundisho yake limebaki kuwa kweli: anayedai kumpenda Mungu hujulikana kwanza na jirani yake wa mpaka mmoja. Muundo wetu wa usharika, mitaa na jumuiya, ambamo Wakristo husali nyumba kwa nyumba, unaifundisha kweli hiyohiyo.

Miaka ya kujaribiwa

Vita Kuu ya Kwanza ilileta jaribio la kwanza. Majeshi ya Uingereza yaliiteka Moshi mwezi Machi 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Walutheri wachache kutoka Marekani walifika kusaidia, lakini hawakuweza kuwa kila mahali. Wakati huo hapakuwa na hata Mchaga mmoja aliyewekewa mikono ya uchungaji. Wachungaji wa kwanza Waafrika katika eneo la Misioni ya Leipzig waliwekewa mikono mwaka 1934.

Hebu tuifikirie hali hiyo. Sharika zilikuwa na walimu, wazee na Wakristo waliobatizwa kwa maelfu, lakini mahali pengi hapakuwa na wa kuhudumu Meza ya Bwana. Walimu walifundisha, wakaongoza ibada, wakazika wafu na kuwatia moyo walio hai. Nyumbani watu walisali sala walizozikariri, wakaimba nyimbo walizozijua kwa moyo. Wamisionari waliporudi walikuta Kanisa lingali hai, na watu wake wakiwa wameonja uongozi wao wenyewe.

Jaribio la pili lilikuja na Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1939 wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na kazi ikabaki mikononi mwa wachungaji na walimu wenyeji, wakisaidiwa na ndugu wa Kilutheri wa Marekani na wa nchi za Kaskazini ya Ulaya. Safari hii Kanisa lilikuwa limejiandaa vizuri zaidi. Njia iliyoanzia katika miaka ile migumu iliendelea hadi tarehe 19 Juni 1963, ambapo makanisa saba ya Kilutheri ya nchi yetu yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Askofu Stefano Moshi, mwana wa mlima huu, akawa Mkuu wake wa kwanza.

Historia ya uongozi huo huandikwa kwa majina ya maaskofu na sinodi, na ni haki iwe hivyo. Lakini sinodi isingekuwa na watu wa kuwaongoza kama wazazi wasingaliendelea kusali na watoto wao katika miaka ambayo hapakuwa na mchungaji wa kuwatembelea.

Kutoka madhabahuni hadi uwanjani

Anayetaka kuona jinsi ibada na maisha vinavyokutana, asimame uwanjani baada ya ibada ya Jumapili wakati wa mnada. Mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mayai, kibuyu cha maziwa, mahindi, debe la maharage: vyote vimepita mbele ya madhabahu kama sadaka, na sasa vinanadiwa. Mnunuzi hulipa bei kubwa kuliko ya sokoni, na pengine hukirudisha alichonunua ili kinadiwe tena. Yai moja la mjane linaweza kuuzwa mara tatu, na kila mara likaongeza fungu la ujenzi au la maskini. Mgeni anaweza kudhani ni mchezo. Wenyeji wanajua kwamba kwa njia hiyo asiye na fedha hakunyimwa heshima ya kutoa. Alichokitoa shambani kwake kilihesabiwa sawa na noti ya tajiri, na wakati mwingine kilizaa kuliko noti hiyo.

Kahawa nayo iliingia katika ibada. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Msimu wa kahawa ukawa msimu wa karo, wa mabati na wa ahadi za usharika. Fedha zilipotosha, watu walitoa nguvu zao. Makanisa mengi ya mlimani yalijengwa kwa msaragambo: wanaume wakivunja mawe, wanawake wakibeba mchanga na maji vichwani, watoto wakipanga mstari na kupokezana matofali. Waliimba walipokuwa wakifanya kazi, na hakuna aliyeuliza mahali kazi ilipoishia na ibada ilipoanzia.

Sale na Meza ya Bwana

Katika desturi ya Wachaga, jani la sale lina heshima ya pekee. Sale huonyesha mpaka wa kihamba, hupandwa penye kaburi, na aliyekosa akimpelekea jirani yake jani hilo anaomba msamaha ambao ni vigumu sana kukataliwa. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza waliposikia mafundisho ya Bwana katika Mathayo sura ya 5, kwamba mwenye ugomvi na ndugu yake aiache sadaka yake na kwenda kupatana naye kwanza, hawakusikia jambo geni. Walisikia jambo walilolijua likipewa msingi mpya. Zamani msamaha ulilinda amani ya ukoo. Sasa ulitoka msalabani na ukamwelekea hata asiye wa ukoo.

Ndiyo maana kazi kubwa ya wazee wa Kanisa imekuwa kupatanisha. Magomvi ya mipaka, ya zamu ya maji, ya mifugo iliyokula migomba, ya mke na mume, mengi yamemalizwa na wazee wakiwa wameketi kwenye viti vya kukunja au juu ya magogo, Biblia ikiwa magotini. Kazi hiyo ni ibada. Meza ya Bwana inayoandaliwa Jumapili kwa watu ambao Jumatatu hawasalimiani ina kasoro ambayo wimbo mzuri wa kwaya hauwezi kuiziba.

Hata hivyo, hapa historia inatudai tuseme ukweli. Nidhamu ya Kanisa haikuwa na uzito uleule kwa wote. Msichana aliyepata mimba alitengwa mbele ya watu wote, na mara nyingi aliyempa mimba aliendelea kukaa katika benchi lake. Wanawake walioolewa katika ndoa za mitala walipata shida kukubaliwa kwa mpango ambao hawakuwa wameuchagua. Na jambo lililo zito kuliko yote ni ardhi. Kwa desturi kihamba kilirithiwa na wana wa kiume, hasa mzaliwa wa kwanza na kitinda mimba. Mjane aliyekuwa ameilima migomba ile kwa miaka 40 aliweza kuwekwa chini ya huruma ya shemeji zake, na binti aliyerudi kwa baba yake akakosa hata mahali pa kujenga jiko. Familia nyingine zilifanya hivyo jioni ileile baada ya kuimba nyimbo za kumzika marehemu.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimetamka wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini sheria hukaa Dodoma na Dar es Salaam, na mjane hukaa kihambani. Katikati yao yuko mzee wa Kanisa na jumuiya inayokutana katika nyumba hiyo kusali. Nabii Amosi aliwaambia Israeli kwamba Mungu huchukizwa na sherehe zao za ibada iwapo haki haitiririki kati yao. Sisi watu wa mifereji tunapaswa kumwelewa vizuri kuliko wengine. Maji yakizibwa juu, wa chini hufa kiu hata kama mfereji umechongwa vizuri.

Mwanga kutoka Bukoba

Kwa kuwa kati ya wageni wetu wako ndugu wa Dayosisi nyingine, inafaa tukumbuke kwamba mlima huu haukujifunza peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda, uliingia Bukoba, na katika miaka iliyofuata ukaenea hadi kwetu. Waamka walikutana majumbani, wakaungama dhambi zao kwa majina yake, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyasahau makusudi. Baadhi ya viongozi wa Kanisa waliwaogopa, na wakati mwingine waamka wenyewe walikuwa wakali katika kuwahukumu wengine. Lakini walileta swali ambalo hakuna aliyeweza kulikwepa: je, imani yako inajulikana na mkeo, na mfanyakazi wako, na mtu anayekudai?

Askofu Josiah Kibira, aliyeiongoza Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kuanzia mwaka 1964 na kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, mwaka 1977 hadi 1984, alilitafakari jambo hilo katika kitabu chake Church, Clan and the World cha mwaka 1974. Aliona katika ukoo wa Kihaya na katika ushirika wa Uamsho funzo kwa Kanisa zima: Mkristo hawezi kuishi peke yake, anahitaji jamaa ambayo ndani yake anajulikana, anaonywa na kuchukuliwa mizigo yake.

Funzo hilo lilipimwa upesi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, hospitali ya Kanisa letu mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulipanda hadi mlimani kwetu. Wakati wengi walipoogopa hata kushika mkono wa mgonjwa, wako Wakristo waliokwenda kumwogesha, kufua mashuka yake na kusali naye. Wako pia waliopita mbali, na wako waliomhukumu kutoka mimbarani. Bibi wengi walianza upya kulea watoto wakiwa wazee, wakiwafundisha wajukuu sala zilezile walizowafundisha wazazi wao waliozikwa. Mtu akiuliza ibada ya kila siku ni nini, atazame miaka ile.

Kihamba kinapopungua

Karne ya pili inaanza katika mazingira mengine. Kihamba kimegawanywa vizazi hadi vizazi, na mara nyingi hakiwezi tena kulisha nyumba moja. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na wakulima wengi wakaacha kuitunza mibuni au wakaing'oa. Vijana wakashuka mlima kwenda Moshi, Arusha, Dar es Salaam na nje ya nchi. Nyumba nyingi zenye madirisha ya vioo hukaa kimya mwaka mzima zikilindwa na bibi mmoja, hadi Desemba watoto na wajukuu wanaporudi kwa Krismasi na makanisa yakajaa hadi nje.

Desemba hiyo ni baraka, na pia ni kipimo. Familia ikikutana, huchinja, hunywa na kupatana. Je, husali? Na ikisali, je, mjukuu aliyezaliwa mjini anaweza kuongoza sala, au anamngoja mchungaji aje kubariki chakula? Tukisema kwamba watoto wamepotea, tujiulize kwanza kama tuliwafundisha wapi pa kusimama wasipoliona jengo letu. Wazee wetu waliweza kukaa miaka mitano bila mchungaji kwa sababu walikuwa na Neno vinywani. Tunaye mchungaji karibu, na Biblia iko hata katika simu ya mkononi. Lakini Neno lililo simuni halijawa bado Neno lililo moyoni.

Hatuna sababu ya kukata tamaa. Jumuiya zetu zinaendelea kukutana alfajiri kabla watu hawajaenda kazini. Kalenda ya Kanisa ingali inatupa neno la kila siku, kufuatana na desturi ambayo ndugu Wamoravian wa Herrnhut waliianza kuichapa mwaka 1731. Wana wa mlima waliohamia mijini wamefungua sharika na jumuiya huko, na baadhi yao wamewafundisha majirani wa makabila mengine kuimba na kunadi mayai. Kinachotakiwa ni kila nyumba, iwe ya msonge, ya matofali au ya kupanga chumba kimoja Dar es Salaam, iwe na saa yake na mahali pake mbele za Mungu.

Hitimisho

Tunaposherehekea miaka mia ya usharika huu, tutasimama kwa heshima mbele ya jiwe la msingi na kuyataja majina yaliyochorwa juu yake. Tufanye hivyo kwa shukrani. Kisha tukumbuke kwamba liko jengo lingine ambalo halikuchorwa jina la mtu, lililojengwa na baba aliyeomba msamaha kwa jirani yake wa mpaka, na mama aliyesali chini ya mzigo wa majani, na mwalimu aliyeongoza ibada kwa miaka mitano pasipo mchungaji, na bibi aliyeanza upya kulea.

Jengo hilo hatuwezi kulirithisha kwa hati. Kila kizazi hulijenga tena, jioni moja baada ya nyingine. Mungu aliyewasikia wazee wetu wakimwita Ruwa kando ya mafiga atusikie na sisi, atupe kuzitenda siku sita yale tunayoyakiri siku ya saba, na mjane wa kihambani awe wa kwanza kuona kwamba tumetoka ibadani. Kwake Baba, Mwana na Roho Mtakatifu uwe utukufu katika Kanisa na katika nyumba zetu, sasa na hata milele. Amina.